Herufi Ziacheni Zilivyo, Hamisheni Vinavyozizunguka

(Haya niliyasema kwenye kikao chetu cha kupanga upya vitufe vya kibodi hapa Mombasa, nimeyaandika karibu vile yalivyotoka mdomoni, na maswali ya watu nimeyaacha humo humo.)

Assalaam aleikum, na kwa wasiotumia salamu hiyo hamjambo nyote. Wazee mlioko nyuma, shikamooni.

Hapo mezani kuna kibodi tatu, zipitisheni mkono kwa mkono lakini anayekunywa kahawa aweke kikombe chini kwanza tafadhali. Ile kubwa ina vitufe 104, ndo ile mnayoiona kila saiba na kila ofisi. Ya pili ina 61. Ya tatu, hiyo iliyogawanywa mapande mawili, huku la mkono wa kushoto huku la kulia, ina 42 na inaitwa Corne. Sasa mtu akiziona hizi ndogo cha kwanza kuuliza ni vidole vyangu vinene hivi vitaenea wapi. Vitaenea yakhe. Chukua rula upime, kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake ni milimita 19.05 kwenye ile kubwa, na kwenye hiyo ya 61 ni hivo hivo. Hizi hazikuminywa, zilikatwa. Imeondoka ile safu ya F1 mpaka F12, mishale imeondoka, Delete na Home na End zimeondoka, na lile eneo zima la namba la upande wa kulia limeondoka, ndo manake unaitia kwenye mkoba na panya anakaa karibu na mkono.

Lakini havijapotea. Vimefichwa. Unashikilia kitufe kimoja, kwa kawaida kimeandikwa Fn, na vitufe vyengine vyote vinabadilika kazi kwa muda ule ulioshikilia, kama vile Shift inavyogeuza herufi ndogo kuwa kubwa. Huo mpangilio wa pili unaofichama chini ya ule wa kwanza ndo watu wanaita leya. Na hapo ndipo penye mambo, kwa sababu aliyeamua mishale ifichwe wapi ni fundi wa kiwandani ambaye hajui wewe waandika barua za mahakamani ama wapiga hesabu za duka ama wasoma programu, na mara nyingi ameiweka pembeni kulia pale pale Fn ilipo, kwa hiyo mkono mmoja ushikilie na mkono huo huo ubonyeze, ukiangalia kwa mbali utadhani mtu anamenya ndizi. Ndo nikasema ukinunua kibodi ndogo kupanga upya si mapambo, ni kumaliza kazi iliyoachwa nusu.

Kabla hatujapanga lazima tuelewe kitu kimoja, na hiki mkikishika mengine yote ni mepesi. Ukibonyeza A, kibodi haitumi A. Inatuma namba. A ni namba 4, B ni 5, yaenda hivo mpaka Z ni 29, na hiyo namba yasema tu kwamba kitufe cha mahali fulani kimebonyezwa, basi. Kompyuta ndo inayoamua namba 4 iandikwe vipi. Ukiiambia kompyuta kwamba kibodi yako ni ya Kifaransa, ile ile namba 4 itatoka Q. Mmeona zile laptopu za mitumba kutoka Ujerumani ambazo Y na Z zimebadilishana mahali? Haina haja ya kung'oa kitu, nenda kwa mipangilio uiambie ni kibodi ya Marekani, herufi zitarudi unapozijua hata kama maandishi ya juu yasema mengine.

Kwa hiyo mahali pa kubadilisha ni pawili. Ama ubadilishe namba kabla haijatoka kwenye kibodi, ama uibadilishe ikishafika kwenye kompyuta. Ya pili ndo rahisi kuanza nayo na haina gharama. Kwenye Windows kuna PowerToys, ndani yake mna kitu kinaitwa Keyboard Manager, kwenye Mac kuna Karabiner-Elements, Linux kuna keyd, na kuna moja inaitwa Kanata inayofanya kazi kote kote. Ubaya wake ni kwamba mabadiliko yamo kwenye kompyuta ile, hayakufuati. Tena ile ya PowerToys haifanyi kazi kwenye skrini ya kuandika paswadi ya kuingilia, kwa sababu programu yenyewe haijaamka bado, sasa wewe umehamisha kitufe ambacho kimo ndani ya paswadi yako na asubuhi una haraka, utajua hujui.

Ya kwanza ndo ile mimi naipenda. Ndani ya kibodi mna kompyuta ndogo sana na programu yake, wenyewe wanaiita femuwea, na kwa kibodi nyingi za kisasa femuwea hiyo ni QMK, ya bure na wazi kwa kila mtu, iliyotokana na kazi ya Jun Wako iliyoitwa TMK. Juu ya QMK kuna VIA na Vial, programu za kupangia vitufe, unafungua kwenye brauza kama Chrome (Firefox haitakubali), kibodi inajionyesha kwenye skrini, wabonyeza kitufe kwenye picha, wachagua unataka kiwe nini, imekwisha, imeandikwa ndani ya kibodi papo hapo. Ukichomoa ukaenda nayo kwa kompyuta ya ofisi ambayo hawakuruhusu kuweka programu yoyote, mpangilio wako umo. Ukienda saiba ya Likoni, umo. Kwa mtu anayehama mashine kila siku hii ndo njia, wala sioni ya kubishania. Baadhi ya zile zisizo na waya hutumia ZMK badala ya QMK, wazo ni lile lile. Ukienda kununua basi muulize muuzaji swali moja tu, inakubali VIA? Asipojua unazungumzia nini iangalie mwenyewe kwa simu kabla hujatoa pesa, kwa sababu zile za bei ya chini nyingi zina programu yao iliyofungwa, ya Windows peke yake, na inakuruhusu kubadilisha rangi za taa kuliko kubadilisha vitufe.

Sasa nije kwa lile lililonileta. Mtu akishagundua kwamba anaweza kubadilisha kitufe chochote, wa kwanza kupata taabu ni herufi. Ataingia mtandaoni aambiwe QWERTY, yaani huu mpangilio wa herufi wa kawaida, ni mbovu, ilitoka kwa mashine ya taipu ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Remington wakaanza kuiuza miaka ya 1870, imepitwa na wakati, hamia Dvorak ya mwaka 1936, ama hamia Colemak ya 2006. Ni kweli wenye kuzitumia wanazisifu. Lakini zote mbili zilipangwa kwa kuhesabu herufi za Kiingereza, na mimi nyumbani na kazini naandika Kiswahili, kwa hiyo nilikaa nikazipima kwa maneno yetu.

Dvorak imeweka irabu zote mkono wa kushoto, nikasema mashallah, Kiswahili chetu ni konsonanti irabu konsonanti irabu, mikono itapokezana vizuri. Kumbe K nayo iko kushoto, na inabonyezwa na kidole kile kile cha shahada kinachobonyeza U na I. Sasa hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa sentensi moja waandika ku na ki. Kusoma, kukaa, kitabu, kikombe, kila mara kidole kimoja kinaruka chini juu. Na mb, ambayo iko kwenye mboga na mbuzi na embe na jina la mji huu tulioketi, M na B zote ni za kidole cha shahada cha kulia. Haya, nikaenda Colemak. Hapo ku na ki ziko sawa kabisa, lakini kidole cha shahada cha kulia kimebebeshwa J, L, H, N, K na M zote sita. Yaani mkono, mke, mlango, mji, mnazi, njia, yote yaanza kwa kidole kimoja kubonyeza mara mbili. Kiingereza hakina maneno yanayoanza mk na ml na mn kwa wingi hivo, ndo mpangaji hakusumbuka nayo, na wala simlaumu, si kazi yake.

Na QWERTY je, ni nzuri? Si nzuri. Ki ni kidole kimoja, lo ni kidole kimoja, mu yaruka kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na za yamuonea kidole cha mwisho cha kushoto, kile kidogo masikini, ambacho pia kimepewa A, herufi tunayoitumia kuliko zote. Lakini mk na ml na mb ziko salama. Kwa hiyo hakuna iliyotufikiria, na katika watatu wasiokufikiria chagua yule unayemjua tayari, na ambaye yuko kwa kila mashine utakayoikuta.

Hapa Mombasa mwaka 1928 ndipo palipofanyika mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita chetu kikaachwa. Leo tunaandika mitihani kwa kile kilichochaguliwa na tukirudi nyumbani tunazungumza chetu na hakuna aliyepotewa na kimoja. Herufi za kibodi nazifanyia hivo hivo. Za watu wote ziacheni za watu wote. Vilivyozizunguka ndivyo vyako.

Vilivyozizunguka ni vipi? Anza na Caps Lock. Kitufe kikubwa, kiko kando ya A pale kidole kinapopumzika, na kazi yake ni kuandika kwa herufi kubwa kama mtu anayepiga kelele. Mahali pale zamani hapakuwa pake. Kwenye kibodi za kwanza za IBM PC hapo palikuwa na Ctrl, ikahamishwa chini pembeni katikati ya miaka ya 1980. Profesa Eiiti Wada wa Japani alipobuni Happy Hacking Keyboard, iliyotoka 1996 na vitufe 60 tu, akairudisha Ctrl pale pale. Nyinyi pia irudisheni. Na QMK yakuruhusu zaidi ya hapo, ukikishikilia kiwe Ctrl, ukikigusa tu na kuachia kiwe Esc. Inajuaje tofauti? Kwa muda. Kawaida ni milisekunde 200, ukiachia kabla ya hapo umegusa, ukipitisha umeshikilia. Muda huo unaweza kuuongeza ama kuupunguza na mtu mwenye vidole vizito aongeze bila haya.

Kaka mmoja akaniuliza, je ile mbinu ya kufanya herufi za safu ya katikati zenyewe ziwe Ctrl na Shift na Alt ukizishikilia, nzuri ama vipi? Ni nzuri kwa wenye 42, wao hawana pahali pengine. Lakini maelezo mengi ya mtandaoni yanaanza na A, ati A ukiishikilia iwe kitufe cha Windows. Kwa Kiingereza labda. Kwa Kiswahili neno la pili lamalizika kwa a, kidole kile kidogo kinachelewa kuinuka kidogo tu, na ghafla menyu imefunguka katikati ya barua ya mtu. Mimi A naiacha A. Ukilazimika basi A peke yake ipe muda mrefu zaidi.

Baada ya Caps Lock nenda kwa vidole gumba. Angalieni spesi ya hiyo ya 61. Ina urefu wa vitufe sita na robo, karibu sentimita 12, na wengi wetu tunaibonyeza kwa gumba moja tu, la pili limekaa bure kama mgeni wa harusi aliyekosa kiti. Vidole vyenye nguvu kuliko vyote vimepewa kazi ndogo kuliko zote, na kidole cha mwisho cha kulia kimepewa Enter, Backspace, Shift na mabano. Nani alipanga hivo? Kwenye Corne kila gumba lina vitufe vitatu, kwa hiyo spesi, Enter, Backspace na funguo za leya zote zinakaa kwa magumba, na ukishazoea hapo kurudi nyuma ni kugumu, nawaambia ukweli. Mwenye 61 hawezi kuikata spesi lakini anaweza kuifanya ikiguswa ni spesi, ikishikiliwa ni leya, na kwenye leya hiyo mishale anaiweka juu ya H J K L ama I J K L, atakavyo. Hiyo HJKL si uchawi wala si ya mafundi wa juzi. Kulikuwa na tamino ya Lear Siegler ya mwaka 1976, yaani skrini na kibodi ya kuunganishwa na kompyuta kubwa, ADM-3A, haikuwa na vitufe vya mishale, mishale ilichorwa juu ya herufi hizo nne, na Bill Joy akaitumia mashine hiyo kuandika vi, programu ya kuhariri maandishi, basi mpaka leo. Yaani tatizo la kibodi kukosa mishale lilishatatuliwa kitambo, na kwa njia hiyo hiyo ya kuitia juu ya herufi.

Kitu cha tatu, na hiki ni chetu, ni ile alama ya ng'. Ng'ombe, ng'ambo, ng'ara, kung'oa. Kwenye 61 alama ipo, jirani ya Enter. Kwenye baadhi ya ndogo zaidi imesukumwa kwenye leya, kwa sababu aliyepanga aliona ya nini, na mtu wetu akichoka anaandika ngombe ikapita hivo hivo. Tafadhalini. Kuna kitu QMK inaita kombo, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na vinatoa cha tatu, ama vinatoa hata mfululizo wa herufi. N na G ziko vidole tofauti na mikono tofauti, ukizibonyeza kwa pamoja iandike n, g na alama yake, tatu kwa mpigo. Jihadharini tu kombo iwe na muda mfupi, la sivyo ukiandika nguo kwa haraka itatoka ng'uo. Ama tumieni Q na X. Hizo kwa Kiswahili ni viti vitupu, hatuna neno lenye kuzihitaji, lakini majina ya watu na anwani za intaneti zazihitaji, kwa hiyo zisiondolewe, zipewe kazi ya pili zikishikiliwa. Na msichanganye ile alama iliyonyooka na ile iliyopinda ambayo simu na Word huiweka yenyewe, kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, mtu anatafuta ng'ombe kwenye faili la kurasa mia na anaambiwa hakuna, na ng'ombe wamejaa.

Hapo ustadhi mmoja akainua mkono. Anaandika Kiarabu kwa ajili ya madrasa, na alinunua kibodi ya 61, akasema herufi ya dhali hana. Swali lake nililipenda sana kwa sababu latuonyesha ile habari ya namba inavyofanya kazi. Kwenye mpangilio wa Kiarabu wa Windows dhali iko juu kushoto kabisa, kile kitufe kilicho kabla ya 1. Kwenye 61 pale pamekaa Esc, na kitufe chenyewe kimefichwa kwenye Fn. Na anayefikiria Corne ajue jimu na dali ziko kwenye vitufe vya mabano ya mraba, ambavyo Corne haina kabisa kwenye leya ya kwanza. Dawa ni kwamba kibodi haijui Kiarabu wala Kiswahili, inajua namba tu. Ustadhi ahamishe namba ya kitufe kile, ile yenye alama ` na ~ kwenye VIA, aitie pale anapopapenda, sema ile Alt ya kulia kama haitumii, na Windows ikiwa kwenye Kiarabu itatoka dhali, ikiwa kwenye Kiingereza itatoka ile alama ya kawaida. Hatafuti dhali kwenye VIA, haimo. Ndo makosa ya wengi, wanatafuta herufi pahali pa namba.

Mabano, nyota, alama za hesabu, hizo mtu azipange kwa kazi yake, mimi sina la kusema. Mwenye kuandika programu azilete karibu, mwenye kuandika barua azisukume mbali. Namba kwa wenye 42 wekeni leya moja kwa umbo la kikokotoo, 7 8 9 juu, 1 2 3 chini, mkono wa kulia, mtu aliyefanya kazi ya keshia hatauliza hata. QMK yakubali mpaka leya 32 lakini ukipitisha nne wajitafutia balaa, utasahau ulichokiweka wapi.

Na badilisheni kitu kimoja kimoja. Caps Lock leo, iacheni mpaka mkono usahau kama palikuwa na kitu chengine, ndo muende kwa spesi. Wa saiba wasianze siku ambayo foleni imefika mlangoni na watu wanataka fomu zao. Kila mkibadilisha hifadhini faili la mpangilio, VIA inakubali, liwe kwa simu ama kwa barua pepe yako, kwa sababu ukiweka femuwea mpya yale yote hufutika na hutayakumbuka.

Swali la mwisho lilitoka kwa dada aliyekaa karibu na dirisha, akasema sawa, nimepanga vyangu, na mume wangu akitaka kutuma barua pepe na kibodi hiyo hiyo? Hilo ni la maana kweli. Fanya hivi dadangu, leya ya chini kabisa iache ya kawaida, Caps Lock ni Caps Lock, spesi ni spesi, kila kitu kama kilivyoandikwa. Mpangilio wako uweke leya ya juu yake, na kitufe kimoja cha pembeni ukifanye cha kuwasha na kuzima leya hiyo, kwenye VIA chatokea na herufi TG. Mwenyewe ukikaa wabonyeza mara moja, akija mwengine wabonyeza tena. Ukichomoa kibodi ukachomeka tena yarudi ya kawaida yenyewe, kwa hiyo ukisahau na mgeni akashangaa mwambie achomoe tu.

Haya, sasa hizo kibodi zimefika wapi? Anayetaka kujaribu aje na laptopu yake hapa mbele tufungue VIA pamoja, tuanze na wewe ustadhi, lete hiyo 61 tukutafutie dhali yako.